Upanga wa Kilo Kumi na Mbili

Mume wangu aliuchora upanga wa Ulaya kwa miaka sita kabla hajauona hata mmoja. Wakati huo alikuwa mwalimu wa historia katika shule iliyopakana na mashamba ya miwa, huko Busoga, Uganda. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati lake limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na silabasi aliyoachiwa na Wazungu ilimtaka afundishe Zama za Kati: ngome za mawe, farasi waliovishwa nguo, wanaume waliovaa chuma mpaka vidoleni. Kitabu kilikuwa kimoja kwa shule nzima. Kitabu chenyewe kilikuwa na picha moja ya upanga, na nusu ya picha hiyo ilikuwa imeliwa na mchwa.

Basi akawa anauchora mwenyewe ubaoni. Chaki nyeupe kwa bapa, chaki ya njano kwa mpini. Upanga wake ulikuwa mpana kama mlango wa kanisa, na nyuma ya mpini ulikuwa na kirungu kikubwa kama boga. Pembeni aliandika kwa herufi kubwa: UZITO, KILO KUMI NA MBILI.

Niliwahi kumuuliza, "Hizo kilo kumi na mbili ulizitoa wapi?"

"Niliangalia jinsi nilivyouchora," akasema, "nikakadiria."

Katika darasa lake kulikuwa na msichana mmoja, mtoto wa mkata miwa. Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, swali la sita, waliambiwa waueleze upanga wa Zama za Kati. Wenzake wote waliandika kilo kumi na mbili. Yeye akaandika kwamba lazima ulikuwa mwepesi, kwa sababu baba yake hukata miwa tangu alfajiri hadi saa nane mchana, na panga likiwa zito mtu hafiki hata saa tatu. Mwalimu akampa sifuri. Siku ya kurudisha karatasi, msichana akasimama.

"Mwalimu, wewe umewahi kukata miwa?"

Mwalimu alikuwa mtoto wa karani. Muwa aliujua akiwa anautafuna. Darasa likacheka mpaka bati la paa likalia, naye akamtoa yule msichana nje, akasimame chini ya mlingoti wa bendera hadi kengele ya mapumziko.

Kisa hicho nimekisikia mara elfu tatu. Amekisimulia kwenye harusi za Waganda, kwenye ubatizo wa Wakongo, kwenye foleni ya pasipoti. Kila mara alikisimulia kama kichekesho, cha mtoto mbishi na mwalimu kijana. Na mimi kila mara nilicheka kama nakisikia kwa mara ya kwanza, maana hiyo nayo ni kazi ya mke, tena haina likizo.

Baadaye kwao kukaharibika, akakimbilia Nairobi, ambako alijifunza Kiswahili cha kubishania bei, kisha akafika huku Stockholm, Uswidi. Akaendesha foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, miaka thelathini katika maghala ya Jordbro. Huku kila mtu huitwa jina lake tu, bila cheo, hata bosi, hata daktari wa upasuaji. Ni utaratibu mzuri, una usawa ndani yake. Ila kwa mtu aliyewahi kuingia mahali watoto arobaini wakasimama na kusema "Good morning, sir" kwa sauti moja, ni kama kuvuliwa koti wakati wa baridi. Mimi nilimjulia kanisani, kwenye foleni ya kahawa. Mtu akaniambia yule Mganda zamani alikuwa mwalimu. Nikamwita, "Mwalimu, nipitishie sukari." Aligeuka haraka hivi kwamba kahawa yote ikamwagikia koti la mchungaji. Mwaka uliofuata mchungaji huyohuyo alitufungisha ndoa, na doa lilikuwa bado lipo.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nimefanya kazi ya kutunza wazee, na nilipofika miaka hamsini na miwili nikaanza shule ya jioni. Nilitoka zamu saa kumi, saa kumi na moja na nusu niko darasani na mkate mdomoni. Miaka minne. Siku ya cheti nilipiga vigelegele ambavyo, kwa makadirio yangu, vilisikika hadi Finland. Tangu hapo mimi ndiye msomaji wa Kiswidi nyumbani. Mwalimu husoma Kiingereza kama askofu, lakini Kiswidi chake ni cha foklifti: kushoto, kulia, angalia miguu yako, ubao wa mizigo umejaa.

Alipostaafu ndipo ugonjwa wa mapanga ulipomshika. Alianza kukusanya. Nyumba ikajaa vitabu vya mnada, picha, na kipande cha chuma kilichooza alichoniapia kwamba ni ncha ya upanga wa miaka mia saba. Mimi nilikiona kama bawaba. Alikwenda makumbusho akasimama mbele ya kabati la kioo mpaka mlinzi akamletea kiti. Jioni nilimsomea vitabu vya Kiswidi, na siku moja nikafika mahali palipoandikwa uzito.

"Hapa wanasema kilo moja na kidogo, Papa."

"Hiyo ni baada ya kutu," akasema bila kusita. "Kutu imekula nyama. Miaka mia saba, madam! Hata wewe ungepungua."

Nilijitazama. Nikaona miaka mia saba isingenitosha mimi. Nikageuza ukurasa.

Tukawa tunazunguka kwenye masoko ya vitu vya mitumba, na Fisksätra ndiko tulikoupata. Ulikuwa ukumbi wa michezo uliojaa meza, vikombe visivyo na sahani, sahani zisizo na vikombe, na mwisho kabisa, umelazwa katikati ya vijiti vya gofu, upanga. Mwalimu alisimama. Nimemwona akimpokea binti yetu hospitalini, na uso wake siku ile haukuwa mbali sana na huu. Ulikuwa ndio ule ule! Mpana kama mlango, na boga lake nyuma. Ni kana kwamba mtu alikwenda Busoga, akaubandua ubaoni. Aliunyanyua kwa mikono miwili, akatoa sauti.

"Mzito! Shika, shika uone. Nilisema mimi!"

"Uko mzito kweli, Papa."

"Kilo sita. Zilizobaki zimeliwa na kutu."

Tuliuleta nyumbani kwa furaha ya watu waliopata mtoto uzeeni.

Sasa, kuna kundi la watu wanaokusanya silaha za kale, ambao hukutana Jumamosi mchana katika chumba cha kukodi huko Jakobsberg. Niliwaandikia mimi. Wakajibu kwamba mgeni yeyote anakaribishwa alete chombo chake kikaguliwe, na kwamba kwa desturi yao mwenye chombo kwanza husimama na kukieleza kwa nusu saa. Nilipomtafsiria sentensi hiyo ya mwisho, Mwalimu aliniomba niisome tena. Halafu tena.

"Nusu saa," akasema. "Nimesimama, wao wamekaa?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kupita uchafu wake. "Madam, tangu niondoke nyumbani sijasimama mbele ya darasa. Nataka mara moja tu. Nikimaliza, wataniita chochote wanachotaka."

Wiki tatu aliandaa somo. Aliandika kwa Kiingereza, mimi nikageuza Kiswidi, akakariri akitembea kati ya jiko na sebule hadi zulia likapata njia kama ya mbuzi. Niliinyoosha suti yake ya kahawia. Upanga tuliuviringisha katika kitenge changu cha kanisani, na kwa kuwa sheria ya hapa haipendi mtu atembee na kisu, sembuse upanga, tukautia katika mfuko ambao binti yetu hubebea skii zake, zile mbao za kutelezea thelujini, na kuufunga kwa kufuli.

Binti yetu, ambaye ana miaka ishirini na hujibu kila kitu kwa Kiswidi, alitukuta mlangoni.

"Men pappa! Skidor? I maj?"

"Ndiyo, skii, mwezi wa tano," akasema baba yake. "Theluji ya kisomo."

Kutoka Jordbro hadi Jakobsberg treni ni moja, huna haja ya kubadilisha. Ilikuwa jua kali, watu wamevaa kaptula, na sisi tumekaa na mfuko wa skii magotini, Mwalimu akinong'ona somo lake kama mtu anayesali rozari. Abiria walituangalia kwa huruma. Nadhani walidhani hakuna aliyetuambia kwamba theluji imeisha.

Walikuwa watu tisa. Mkuu wao alikuwa mama wa Kiswidi, mstaafu, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na mikono mitulivu kama meza. Alitukaribisha kahawa na keki, kisha akamwonyesha Mwalimu mahali pa kusimama. Na hapo, nyuma yake, kulikuwa na ubao.

Niseme ukweli, alifundisha vizuri. Aliwatazama watu machoni. Alichora, na mstari wa kwanza tu ulipotoka mgongo wake ukanyooka kwa sentimita kumi, naapa. Alieleza farasi, ngome, mashujaa. Kisha akaandika uzito ubaoni na kuuzungusha duara. Akasema upanga mpya ulipotoka kwa mhunzi ulifika kilo kumi na mbili, na shujaa alihitaji mtu wa kumsaidia kuunyanyua. Waswidi wale tisa hawakupepesa jicho. Mswidi akikubaliana nawe hunyamaza, asipokubaliana nawe hunyamaza vilevile. Inabidi uwe umeishi hapa miaka ishirini kujua tofauti. Mimi nimeishi. Nilianza kutokwa jasho chini ya kilemba.

Walipiga makofi. Kisha yule mama akavaa miwani ya kukuzia, akaulaza upanga wetu juu ya kitambaa, na kazi ya kukagua ikaanza.

Kwanza akauweka kwenye mizani ya jikoni. Kilo mbili na nusu. Mwalimu akafungua mdomo kuizungumzia kutu, akaufunga. Kisha mama akapima unene wa bapa karibu na mpini, akapima karibu na ncha, akamwita Mwalimu aone: sawasawa. Upanga wa kweli, alisema, huenda ukikonda kadiri unavyoelekea nchani, ndipo unapogeuka upesi mkononi. Akachukua sindano yake ya meno akaichokoa kutu. Kutu ya kale ni nyeusi na ina mashimo, kama jino lililooza ndani. Hii ilikuwa ngozi tu, ya kahawia, sawa kila mahali, kama iliyopakwa. Alizungumza taratibu, na mimi nikatafsiri taratibu zaidi, nikitamani Kiswahili kiishe njiani. Mwishowe akaelekeza taa nyuma ya lile boga la mpini, mahali ambapo mkia wa bapa hutokeza.

Alimwachia Mwalimu aangalie mwenyewe.

Mwalimu aliinama. Miaka thelathini ya foklifti ilimtosha.

"Hiyo ni nati," akasema.

"Ni nati," akasema mama. Wahunzi wa zamani waliugonga mkia wa chuma ukiwa moto mpaka ukatanuka kama kichwa cha msumari. Hawakuwa na nati.

Alieleza kwa upole kwamba upanga wetu una umri wa miaka mia na kitu. Ulitengenezwa kwa ajili ya kupamba ukuta, zama ambazo matajiri waliwapenda sana mashujaa wa kale. "Aliyeufua alikuwa fundi mzuri," akasema. "Lakini hakuwahi kushika upanga wa kweli. Alitengeneza jinsi alivyowaza."

Nilipomaliza kutafsiri maneno hayo, Mwalimu aligeuza kichwa, akautazama mchoro wake ubaoni.

Ndipo yule mama akaleta wa kwake. Alikuwa ameutoa katika sanduku refu lenye sponji. Ulikuwa mweusi, mwembamba, umeliwa makali, hauna hata ukanda wa ngozi kwenye mpini, na kwa kweli kama ungeukuta Fisksätra ungempa mtu asafishie mfereji. Alisema ulitoka ardhini, na ni wa miaka ya elfu moja mia tatu. Hakumpa Mwalimu mkononi. Aliulaza mezani, akarudi hatua moja, ili auchukue mwenyewe. Kwetu pia kisu hakipitishwi mkono kwa mkono, kwa hiyo nikampenda yule mama pale pale.

Mwalimu alivuta pumzi. Akapanua miguu, akakunja magoti kama anayenyanyua gunia la saruji, akaushika kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote za miaka sabini na moja.

Upanga ukaruka. Ulipaa juu kama ndege aliyeshtuliwa, ukapita utosi wangu, ukakosa taa ya dari kwa unene wa unywele, na watu tisa wa Jakobsberg wakainama kwa pamoja. Hiyo ndiyo mara yangu ya pekee kuona Waswidi wakifanya jambo bila kwanza kuitisha kikao. Mwalimu alibaki amesimama na upanga juu, ameduwaa. Kisha akaushusha. Akautia katika mkono mmoja. Akauzungusha kidogo kifundo cha mkono, kushoto, kulia, nao ukamfuata kama unajua anakotaka kwenda.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Kilo moja na robo," akasema mama. "Na kutu haikula sana. Labda gramu mia."

Nilimsogelea, nikadhani ni aibu. Macho yake yalikuwa na maji.

"Yule mtoto," akaniambia kwa Kiswahili. "Yule mtoto wa miwa. Nilimtoa nje, madam. Alikuwa sahihi, nikamtoa nje."

Sikucheka. Kwa mara ya kwanza kisa kile hakikuwa na mahali pa kuchekea.

Aliulaza upanga kwenye kitambaa kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Halafu akaomba, kwa Kiswidi chake cha foklifti, dakika tano za kusahihisha. Alichukua kifutio, akafuta kilo kumi na mbili. Akafuta boga. Akafuta mlango wa kanisa. Akachora tena, mwembamba, unaokonda kuelekea nchani, na bila karatasi, bila mimi kumtafsiria, akawaambia: "Mimi makosa. Msichana, miaka kumi na nne, yeye haki. Baba yake kata miwa siku nzima. Kitu kizito, mkono choka. Yeye jua. Mimi si jua." Akaweka chaki chini. Yule fundi wa meno alisimama kwanza, kisha wengine wote wakasimama, na walibaki hivyo bila kusema neno. Ule ukimya niliuelewa. Ulikuwa wa kukubali.

Kwenye treni ya kurudi nilimshika mkono kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Nikamuuliza kama tuuze upanga wetu.

"Usiuze," akasema. "Aliyeufua ni mwenzangu. Tumekosea kosa moja. Tofauti ni kwamba yeye hakumwadhibu mtu."

Siku nane binti yetu alimtafuta yule msichana kwenye simu, kupitia kwa wanafunzi wa zamani. Mmoja alimjua kaka wa msichana, kaka akatoa namba. Jumapili, baada ya kanisa, Mwalimu alivaa ile suti ya kahawia ili apige simu. Nilimwambia haonekani. Akasema anajua.

Aliyepokea ni mama wa miaka sitini na zaidi, mwenye duka la vifaa mjini Jinja. Tulisikia nyuma yake mtu akiuliza bei ya misumari. Walizungumza Kisoga na Kiingereza, na nilichokosa Mwalimu alinieleza baadaye neno kwa neno. Alijitambulisha. Akasema amepiga kuhusu mtihani.

"Swali la sita," akasema yule mama papo hapo.

Mwalimu alilazimika kukaa. Akamweleza yote: Fisksätra, nati, taa ya dari, kilo moja na robo. Akamwomba radhi kwa lile jibu na kwa ule mlingoti.

"Swali lilikuwa na alama ngapi?" akauliza mama.

"Tano."

Akajumlisha kwa kunong'ona. "Nilipata sabini na moja. Yule kijana wa kwanza alipata sabini na nne."

"Sasa una sabini na sita."

"Kwa hiyo nilikuwa wa kwanza."

"Ulikuwa wa kwanza," akasema Mwalimu.

Yule mama aliondoa simu mdomoni, akapiga kelele kuwaambia wote waliokuwa dukani, pamoja na yule wa misumari. Tulisikia wakishangilia, bila shaka bila kujua wanashangilia nini. Aliporudi alikuwa anahema.

"Mwalimu, maneno matupu sitaki. Nataka karatasi. Iwe na sahihi. Wajukuu wangu hawataniamini."

Mwalimu alikata simu, akafuta meza kwa mkono, akaniomba kalamu nzuri na rula. Alichora jedwali la ripoti kwa mikono, masomo, alama, nafasi darasani, kama zilivyokuwa zikichorwa enzi zao. Pembeni, karibu na Historia, alichora upanga mdogo mwembamba. Akainua macho.

"Hapa chini niandike nini, madam? Dereva mstaafu?"

"Andika ulivyo."

Akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa, usiotetemeka: *Mwalimu wa Historia*. Kisha akatia sahihi, akapulizia wino ukauke.